Niliandika ‘utu’, mashine ikanipa ‘utumwa’

Jioni moja hivi majuzi, wanafunzi wakiwa wamekwisha kwenda zao na ujia wa idara umetulia tuli, niliketi mbele ya tarakilishi yangu nikanuia kuandaa muhadhara mpya juu ya neno utu. Nililichagua neno hilo kwa kuwa ni kielelezo kizuri cha kazi ya kiambishi U- katika kuunda nomino za dhahania: mtu akivuliwa M- akavikwa U-, tunapata ile sifa inayomfanya awe mtu. Basi nikatoa amri ya kufungua faili, nikaandika herufi tatu, u, t, u, kisha nikagonga kitufe cha Enta.

Nilitarajia ukurasa mtupu. Badala yake ilifunguka faili ya miaka mitatu nyuma, imejaa maelezo yangu juu ya msamiati wa biashara ya watumwa katika pwani yetu. Jina la faili hiyo lilikuwa utumwa.

Nikaifunga, nikarudia. Utu, Enta, utumwa. Mara ya tatu nikacheka peke yangu kama mwehu, maana hapakuwa na mtu wa kucheka naye. Mashine ilikuwa imeshika neno lake, wala haikuwa tayari kunisikiliza nikimaliza langu.

Msomaji asidhani kwamba tarakilishi yangu ni mbovu. Ilikuwa inafanya hasa kile ilichoagizwa kufanya, tena na mimi mwenyewe. Kihariri ninachokitumia kuandikia kazi zangu zote huitwa Emacs, nacho ni mzee miongoni mwa vihariri. Kilianza mwaka 1976 katika maabara ya akili unde ya chuo cha MIT huko Marekani, kikiwa mkusanyo wa amri fupifupi zilizojengwa juu ya kihariri kingine. Mwaka 1985 Richard Stallman akatoa kile kinachojulikana kama GNU Emacs, ambacho hadi leo mtu yeyote anaruhusiwa kukitumia, kukinakili na kukigeuza apendavyo bila kulipa hata senti. Ruhusa hiyo ya kugeuza ndiyo iliyonivuta, na ndiyo pia iliyoniponza, kwa maana nilikuwa nimekiongezea chombo cha kunisaidia kukamilisha majina ya faili.

Wazo la mashine kumkamilishia mtu neno si la jana wala juzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watumiaji wa mfumo ulioitwa TENEX huko Marekani waliweza kuandika mwanzo wa amri au wa jina la faili, wakabonyeza kitufe kimoja, na mashine ikamalizia sehemu iliyobaki. Watu wa Unix waliuonea wivu mfumo huo hata wakautengenezea mfano wake, na ile herufi t iliyo mwanzoni mwa jina la programu yao ya tcsh ni ukumbusho wa TENEX. Katika Emacs ya kawaida kazi hiyo hufanywa na kitufe cha Tab, ambacho wanafunzi wangu wamekipachika jina la ‘kitufe cha tabu’ kwa sababu wanazozijua wenyewe.

Hapa pana jambo ambalo ningependa msomaji alizingatie. Katika mpango huo wa kale, mwenye kuandika ndiye aliyeomba msaada. Ukibonyeza Tab unaiambia mashine: naomba unikamilishie. Usipobonyeza, ukagonga Enta, unaiambia: nimemaliza, chukua nilivyoandika. Vitufe viwili, kauli mbili, wala hazichanganyiki. Laiti ningeandika utu katika Emacs isiyo na nyongeza yoyote, ningepata faili mpya iitwayo utu, na makala haya yasingeandikwa.

Kisha vikaja vyombo vya kizazi cha pili. Kilichonifunza mimi huitwa Ido, nacho kilitiwa rasmi ndani ya Emacs katika toleo la 22, mwaka 2007. Ido hakingojei uombe. Kila herufi unayoigonga, chenyewe kinapekua folda nzima na kukuonyesha faili zote zenye herufi hizo, ya kwanza ikiwa imetangulizwa mbele ya wenzake. Hapo maana ya Enta imebadilika. Haisemi tena ‘chukua nilivyoandika’. Inasema ‘chukua ulichokisia’. Baada ya Ido vimekuja ndugu zake wengi: Ivy mnamo mwaka 2015, Fido iliyoingia katika toleo la 27 mwaka 2020, na Vertico ya mwaka 2021. Kila kimoja kina uzuri wake, lakini katika hili la Enta vyote ni watoto wa baba mmoja.

Nikiri mapema kwamba sivichukii. Mtu mwenye faili elfu mbili, kama nilivyo mimi baada ya miaka ishirini ya kukusanya maneno ya watu, hawezi kuzikumbuka zote kwa majina kamili. Chombo kinachoniletea faili kwa herufi mbili tatu kimeniokolea saa nyingi za maisha yangu. Ugomvi wangu nacho ni mmoja tu, nao hutokea pale ninapotaka kuunda kitu kipya ambacho jina lake limo ndani ya jina la kitu cha zamani.

Sisi wanaisimu tunatofautisha vitendo viwili ambavyo kwa mtazamo wa haraka hufanana: kurejelea na kupa jina. Ninaposema ‘niletee kile kitabu chekundu’, narejelea kitu ambacho tayari kipo, na msikilizaji anaruhusiwa kukisia, hata kunikatiza: ‘Hiki?’ Lakini mzazi anapompa mtoto jina, hakuna wa kukisia. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alitumia mfano wa kuipa meli jina kuonyesha kwamba kuna maneno ambayo kuyatamka ndiko kutenda kwenyewe. Sasa fikiria mzazi anataka kumwita mwanawe Ali, na karani wa vyeti, kabla hajamaliza, anamkatiza na kuandika Alimasi kwa kuwa jina hilo tayari limo daftarini!

Kiini cha matatizo ni kwamba Emacs ina amri moja kwa vitendo vyote viwili. Ukibonyeza Kontroli pamoja na x, kisha Kontroli pamoja na f, unapewa nafasi ya kuandika jina. Jina likiwapo, faili inafunguliwa. Lisipokuwapo, inaundwa mpya. Katika programu nyingi za ofisini kuna ‘Fungua’ na kuna ‘Mpya’, mbalimbali kama mlango wa mbele na wa uani. Waasisi wa Emacs waliona hakuna haja ya milango miwili, na kwa zama zao hawakukosea, maana mashine haikuwa ikikisia bila kuombwa. Aliyeleta ukisiaji ndiye aliyepaswa kukumbuka kwamba nyumba ina mlango mmoja.

Wala tatizo hili si dogo kwa mwandishi wa Kiswahili. Nathubutu kusema kwamba sisi linatuuma zaidi kuliko linavyomuuma Mwingereza. Kiingereza huanza na mzizi na kupachika viambishi vyake vingi mwishoni, kwa hiyo herufi tatu za mwanzo humpa mkisiaji habari nyingi. Kiswahili hufanya kinyume. Chukua kitenzi soma. Kutokana nacho tunapata msomaji, kisomo, usomaji, masomo. Mzizi umejificha ndani kama kokwa katika embe, na kinachotangulia ni kiambishi cha ngeli ambacho maneno mengine maelfu wanakichangia.

Mwalimu yeyote afungue folda yake ya kazi aone. Kuna maazimio ya kazi, maswali, majibu, mazoezi, matokeo, marudio, mapendekezo. Herufi mbili za mwanzo, m na a, hazimwambii mkisiaji chochote. Au tutazame ki-: kitabu, kitambaa, kitanda, kitendawili, kitenzi, kiti, kito, kitu. Umekwisha kuandika herufi tatu na bado umesimama mlangoni. Tena kuna maneno yanayomeza mengine mazimazima. Mwana amekaa ndani ya mwanafunzi, mwanachama, mwanasheria na mwanamke. Mwenye faili iitwayo mwanafunzi hawezi, kwa Ido na Enta peke yake, kuunda faili iitwayo mwana. Isitoshe, Ido kwa kawaida yake hutafuta popote ndani ya jina, wala haitazami mwanzo tu; kwa hiyo tu ya mtu itaamsha kitu, jitu, utu na tumaini, wote kwa pamoja, kama majirani waliosikia kelele usiku.

Na huo utu ndani ya utumwa una kichekesho chake kwa mwanafunzi wa mofolojia. Kwa macho ya mashine, maneno hayo mawili yameshirikiana herufi tatu na basi. Kwa macho yetu, hayana ujamaa wowote. Utu ni U- na shina -tu. Utumwa ni U- pamoja na kitenzi tuma kilichotiwa kauli ya kutendwa: mtumwa, kwa asili, ni yule anayetumwa. Mpaka wa mofimu katika neno la kwanza unapita baada ya u na silabi tu inasimama nzima. Katika la pili silabi hiyo ni kipande tu cha mzizi -tum-. Mashine haikuona mpaka huo kwa sababu hakuna aliyeufundisha.

Watunzi wetu wa kamusi wanaujua mgogoro huu tangu zamani. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, aliyaweka majina mengi yaliyonyambuliwa chini ya vitenzi vyake, ili msomaji akifika kwenye mzizi aione jamaa yote. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili huko Dar es Salaam ikaziorodhesha nomino kwa umoja wake pamoja na kiambishi, mtu chini ya m, kitabu chini ya k. Wa kwanza alimhurumia mwanaisimu, wa pili alimhurumia mwanafunzi wa shule. Programu za kukisia hazikumhurumia yeyote kati ya hawa, kwa kuwa hazikutungwa na mtu aliyewahi kukisumbukia kiambishi.

Hata hivyo, yote haya yangebaki kuwa vichekesho vya ukumbini kama si lile lililonipata mwaka 2012, nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu. Sijalisimulia mara nyingi.

Nilikuwa nimekwenda Lamu kukusanya istilahi za wavuvi. Mzee mmoja, mvuvi tangu utoto wake, alinikubali nikae naye jioni kwa jioni barazani. Kaseti zangu zilinasa majina: changu, tafi, pono, kolekole, nguru, chewa, na mengine ambayo hayamo katika kamusi yoyote niliyoiona. Lakini sehemu tamu ya mazungumzo ilikuja aghalabu baada ya kinasa sauti kuzimwa. Hapo ndipo mzee alipoeleza kwa nini samaki fulani ana jina moja akiwa mchanga na jingine akikomaa, na neno gani husemwa wakati wa kaskazi ambalo mtu halitamki kusi likiingia. Nikirudi chumbani niliyaandika yale maelezo moja kwa moja kwenye tarakilishi, katika faili niliyoiita samaki-maelezo. Ilifika kurasa zipatazo thelathini.

Baadaye, nikiwa mjini, nilitaka kuhifadhi orodha fupi ya majina tu kwa ajili ya kiambatisho cha tasnifu. Nikatoa amri ya kuhifadhi kwa jina jipya, nikaandika samaki, nikagonga Enta. Msomaji amekwisha kuona ninakokwenda. Ido ilikisia samaki-maelezo. Emacs, kwa haki yake, iliniuliza kama kweli nataka kuiandika juu faili iliyopo, y au n. Nikajibu y. Nilikuwa nimeulizwa maswali kama hayo mara mia siku ile, na kidole kilijibu kabla ya jicho kusoma.

Kuna wavu uliofungwa chini kwa ajili ya wanaoanguka hivyo. Emacs, mara ya kwanza inapohifadhi juu ya faili iliyopo, huweka kando nakala ya ile ya zamani kwa jina lilelile lenye alama ya wimbi mwishoni: samaki-maelezo~. Jioni ile nakala hiyo ilikuwapo, salama salimini. Lakini mimi sikujua kwamba kuna kitu cha kutafuta. Nikafunga mashine, nikalala. Asubuhi nikafungua orodha ileile, nikaongeza majina mawili, nikahifadhi. Na kwa kuwa ilikuwa imefunguliwa upya, Emacs ikaweka nakala mpya juu ya ile ya zamani. Nilipokuja kugundua, wiki ilikuwa imepita, na wavu nilikuwa nimeukata kwa mkono wangu.

Kaseti zilibaki. Nilizisikiliza upya, nikayapata majina. Yale ya baada ya kinasa kuzimwa nilijaribu kuyaandika kwa kumbukumbu, na najua kwamba nusu yake si maneno ya mzee bali ni ya kwangu. Nilipofunga safari kurudi Lamu, nilikaribishwa na mwanawe. Mzee alikuwa amefariki miezi minne kabla. Kijana alikuwa mkarimu mno, akanieleza aliyoyajua, lakini yeye alikuwa dereva wa boti ya abiria na wavu wa baba yake ulikuwa umekwisha kuuzwa.

Ndiyo maana naomba ruhusa ya kuwa mwalimu kidogo katika safu hii, nieleze namna ya kupita kando ya ukisiaji. Walio na vihariri vingine watanivumilia. Wafuasi wa Vim hasa wataona fahari, kwani kwao amri ya kufungua faili hulichukua jina kama lilivyoandikwa, na Tab hungoja iombwe.

Kwa mwenye Ido, dawa ni Kontroli pamoja na j. Ukiandika utu kisha ukabonyeza hivyo badala ya Enta, unapewa utu bila ubishi, hata kama folda imejaa utumwa, utulivu na utunzi. Kuna njia ya pili ninayoipenda zaidi: ukiwa bado unaandika jina, bonyeza Kontroli pamoja na f mara nyingine, na Ido itajitoa ikuachie amri ya kale ambamo Enta ina maana yake ya kale. Mimi hufanya hivyo kila ninapojua kwamba nakwenda kuunda kitu kipya, kabla hata sijaandika herufi ya kwanza, na vidole vimekwisha kuzoea kama vile mguu unavyozoea ngazi za nyumbani.

Kwa mwenye Ivy, vitufe ni Kontroli na Alt pamoja na j. Kwa Fido ni Alt na j. Kwa Vertico ni Alt na Enta. Au ukipenda, sogeza uteuzi juu ya mstari wa kwanza wa orodha mpaka maneno yako mwenyewe yachaguliwe, kisha ugonge Enta. Mbona kila mmoja akabuni vitufe vyake? Swali hilo nami nimejiuliza, na jibu nililoridhika nalo ni kwamba kila mtengenezaji alikiona chombo chake kuwa cha kuchagulia, na hili la kupa jina likamjia baadaye, kama mgeni aliyefika chakula kikiwa kimekwisha kupakuliwa.

Kuna pia ujanja usiohitaji kitufe chochote. Andika jina kamili pamoja na kimalizio chake: utu.txt. Herufi hizo kwa mfuatano huo hazimo ndani ya utumwa.txt, kwa hiyo mkisiaji anakosa pa kushika. Lakini jihadhari! Ido ikikosa jina katika folda uliyomo, haikubali kushindwa. Ukisita kwa muda usiofika sekunde moja, itakwenda kupekua folda nyingine ulizofanyia kazi karibuni, na ikipata jina kama hilo huko itakuhamishia bila kubisha hodi. Nimewahi kujikuta katika folda ya mitihani ya mwaka uliotangulia, nikidhani niko katika ya mwaka huu, na ni bahati tu kwamba nilisoma tarehe iliyo juu ya ukurasa. Ukihamishwa hivyo, Kontroli na z hukurudisha ulikokuwa. Asiyetaka kuhamishwa kabisa na aiweke thamani ya kipimo kiitwacho ido-auto-merge-work-directories-length kuwa hasi moja, -1. Jina ni refu kama treni ya mizigo, lakini faida yake ni ya kila siku.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na waliotengeneza Emacs walilifikiria. Mtu anaandika mwanzo wa jina, anabonyeza Tab, anaamini jina limekamilika, anagonga Enta. Kumbe mashine iliishia njiani kwa kuwa faili mbili zinachangia mwanzo uleule. Anaundiwa faili tupu, naye anashtuka akidhani kazi yake imepotea. Tangu toleo la 23, la mwaka 2009, ukigonga Enta mara tu baada ya Tab na jina halipo, Emacs husita na kukutaka uthibitishe. Huo ni ustaarabu. Kwa maoni yangu, ustaarabu kama huo ungestahili kuwapo pia pale Enta inapokwenda kuchukua jina refu kuliko lile nililoliandika.

Na kwa wale wanaohofia yaliyonipata mimi: kuna kipimo kiitwacho version-control ambacho ukikiwasha, Emacs huhifadhi nakala za zamani kwa namba badala ya kuifuta moja kwa nyingine. Kwa kawaida huacha mbili za kale kabisa na mbili za karibuni. Laiti ningekijua mwaka 2012.

Nimesema haya mbele ya wanafunzi, na wapo wanaoniona mzee anayebishana na vitufe. Wao hufanya kazi zao nyingi kwenye simu, ambamo kila neno la Kiswahili hugeuzwa la Kiingereza kabla hujalimaliza, nao wamezoea kutuma kisha kusahihisha. Lakini mwaka jana mmoja wao aliniletea sura ya pili ya tasnifu yake kwa baruapepe, nikaisoma usiku kucha, nikamrudishia ikiwa imejaa wino mwekundu. Alikuja ofisini macho yamemtoka.

“Mwalimu, hii siyo.”

Siyo kweli. Ilikuwa sura-2-zamani. Alikuwa ameandika sura-2, akagonga Enta, na chombo kikamchagulia. Nilikuwa nimetumia saa sita nikisahihisha makosa ambayo yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuyasahihisha miezi miwili kabla. Hatukulaumiana. Nilimvutia kiti, nikamwonyesha Kontroli na j, naye akanionyesha jambo ambalo sikulijua: kwamba ukianza majina ya faili zako kwa neno linalozitofautisha, zamani-sura-2 badala ya sura-2-zamani, nusu ya ugomvi huisha, kwa kuwa jina fupi halitakuwa tena mwanzo wa jina refu. Nikamwambia kwamba amevumbua kiambishi awali. Akacheka.

Lakini nilipofika nyumbani nikatafakari, nikaona kwamba ushauri wake hautoshi kwa mwenye Ido, ambayo hutafuta hata katikati ya jina. Sura-2 bado imo ndani ya zamani-sura-2. Nikamwandikia ujumbe kumweleza hivyo. Alinijibu kwamba ameliona, na kwamba faili zote za zamani sasa amezihamishia katika folda ya peke yake.

Nami nimeiga. Ule muhadhara wa utu nimekwisha kuuandika, umo katika folda yake, na utumwa umehamia kwingine.